Treni ya abiria Usa River–Arusha–Kisongo: kabla ya kushangilia reli, tudai makorongo yapimwe

#1 Kamba na Bikoni

Wakuu, salaam.

Hii si habari ya mradi uliotangazwa. Ni hoja yangu, naileta tuijadili kabla mwingine hajaileta ikiwa imeshaiva jikoni kwake.

Barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, ilitupunguzia adha kubwa. Lakini anayetoka Usa River alfajiri anajua hali ilivyo kabla hajaifikia Tengeru, na anayekwenda Kisongo jioni anajua hali ilivyo baada ya kupita mjini. Wakati huohuo reli tunayo. Ilifika Moshi mwaka 1911 enzi za Mjerumani, Mwingereza akaifikisha Arusha mwaka 1929. Abiria wakaja kukosa treni kwa miaka mingi, hadi Oktoba 2020 Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilipoirudisha safari ya Dar hadi Arusha. Ninachopendekeza ni treni ya asubuhi na jioni kwa watu wa kila siku, Usa River hadi stesheni ya Arusha kwa njia iliyopo, halafu kipande kipya cha kilomita kumi na kitu kutoka stesheni kwenda magharibi hadi Kisongo, kikipita upande wa Muriet, Olmoti na Olasiti. Uwanja wa AFCON 2027 uko Olmoti. Mashabiki wataondoka siku moja, ila wakazi wa huko wanaongezeka kila mwezi na watabaki.

Nimefanya kazi ya upimaji kwenye miradi ya barabara kwa miaka mingi, na ninachotaka kukisema ni kimoja. Njia ya reli mpya hapa kwetu itaamuliwa na maji ya Mlima Meru. Tukiacha ramani ichorwe kwanza, maji yafikiriwe baadaye, tutajenga bwawa katikati ya makazi ya watu.

Nisemapo bwawa sitii chumvi. Treni haipandi mteremko mkali kama gari la abiria la Noah, kwa hiyo mhandisi hulazimika kuinua tuta kwenye mabonde na kuchimba kwenye vilima ili njia ibaki karibu na usawa. Mteremko wa Meru unashuka kuelekea kusini, na kipande ninachokisema kinakwenda magharibi. Maana yake tuta litakata makorongo yote, moja baada ya lingine, kwa upana. Maji yaliyokuwa yakipita popote yatalazimika kupita pale tu utakapoyaachia tundu.

Tufanye hesabu pamoja, haihitaji digrii. Chukua korongo linalokusanya maji kutoka eneo la kilomita 5 za mraba. Mvua ya milimita 60 kwa saa ikilipiga eneo lote, hiyo ni takriban mita za ujazo 83 kila sekunde. Nusu ikinywewa na ardhi, zinabaki kama 42 zinazokuja kwenye tuta. Bomba la kalvati la sentimita 90, maji yakienda kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde, linapitisha mita za ujazo 1.9 tu. Utahitaji mabomba 22. Kalvati la boksi la mita 3 kwa 3 linapitisha 27, kwa hiyo mawili yanatosha. Vizuri. Sasa ngoja miaka kumi: mashamba ya juu yamekuwa viwanja, kila kiwanja kina bati na sakafu ya saruji, na ardhi inayonywa nusu ya mvua sasa inakunywa asilimia 30. Maji yanapanda hadi 58. Maboksi yako mawili hayatoshi tena, na mvua haijaongezeka hata tone.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mshauri mwelekezi si "mmepima mvua?" Wote watasema wamepima. Muulize: mmeuchukua mji wa leo au mji wa miaka 30 ijayo?

Hapo bado hatujagusa uchafu. Kuna kalvati moja la barabara huku chini ambalo hupenda kulikagua kila masika yakiisha. Mdomo wake ni wa mita moja. Mchanga mweusi wa volkano huwa umepanda hadi nusu, juu ya mchanga kuna matawi ya mgrevilea yaliyoshikana na mifuko ya saruji, na juu kabisa chupa za maji zimejipanga hadi kwenye dari. Kwenye mchoro lile ni tundu la mita moja. Kwenye mvua ni tundu la sentimita ishirini.

Karibuni.

#2 Dada wa Tengeru

Mkuu, umeeleza vizuri ila umeanza na maji, mimi naanza na miguu.

Reli inapita chini, barabara kuu iko juu. Anayeuza ndizi siku za soko anashuka na mikungu kutoka juu huko, na gari linamshusha sokoni. Treni itamshusha wapi? Kama kutoka stesheni hadi sokoni lazima alipie bodaboda, nauli ya treni iwe ndogo namna gani ndipo apate faida? Na sisi wanawake tunaotoka saa kumi na moja alfajiri, ile njia ya kushuka relini kati ya mashamba ya mahindi, nani ataiwekea taa?

Hayo nayo yawe kwenye upembuzi yakinifu, ule utafiti wa kabla ya mradi. Wasihesabu abiria waliopo barabarani tu wakasema asilimia fulani watahamia kwenye treni. Watuulize mlangoni, watuulize na mizigo yetu.

#3 Mstaafu wa Reli

Vijana, hamjambo. Nimeitumikia reli tangu enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, likavunjika 1977 nikaendelea na la Tanzania.

Binti wa Tengeru amesema neno. Ila kabla ya stesheni kuna jambo la njia moja. Hapa kwetu reli ni moja, kwenda na kurudi. Kutoka Usa River mpaka mjini fanya kilomita 25. Kwa njia ilivyo na vituo vya kusimama, ukipata wastani wa kilomita 35 kwa saa umshukuru Mungu. Treni ikiondoka Usa saa 12:00 asubuhi inafika mjini saa 12:45. Ikigeuza na kurudi, iko Usa saa 1:40, inaondoka tena saa 1:50. Aliyeikosa ya kwanza hawezi kuingoja ya pili, amechelewa kazini. Huyo mmempoteza, kesho atapanda Noah.

Dawa yake ni njia ya kupishania katikati, mathalani Tengeru, na treni mbili. Hapo unapata treni kila baada ya saa moja pungufu kidogo. Njia ya kupishania ni mita mia chache za reli, sehemu mbili za kubadilishia njia na ishara. Ni gharama ndogo ukilinganisha na kipande kipya cha Kisongo, na ndiyo inayofanya treni iwe ya kila siku au iwe ya maonyesho. Basi upembuzi uanze na kilichopo, ndipo uende kwenye kipya.

Mtakumbuka Dar walipoanza treni ya mjini tarehe 29 Oktoba 2012, ile watu waliyoiita ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Walitumia reli ileile ya zamani. Watu walijaa tangu siku ya kwanza. Mahitaji yapo, sina shaka nayo. Kinachoua huduma ya namna ile ni matengenezo. Zamani kila kipande cha njia kilikuwa na genge lake la wafanyakazi na mnyapara wake, wakipita kwa miguu kukaza boliti, kurudisha kokoto chini ya mataruma, na kuzibua makalvati kabla ya masika. Hilo kalvati analolisema Kamba na Bikoni, kwenye genge letu mnyapara angeitwa ofisini.

#4 Kamba na Bikoni

Mzee wangu, shikamoo. Hili la magenge naliongeza kwenye hoja yangu. Makadirio ya gharama yaonyeshe fedha ya kuzibua makalvati kila mwaka, iandikwe kabisa nani atailipa. Bila hivyo mahesabu yangu yote ya maboksi ni ya karatasini.

#5 Wa Muriet

Mimi niko huko unakotaka tuta lipite.

Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji hapa Muriet asubuhi watoto wakienda shule. Tuliwazika watoto. Sitaki mtu yeyote aniambie reli itaongeza thamani ya kiwanja changu kabla hajanionyesha maji yatapita wapi.

Na hizo mnazoita mikutano ya wadau nazijua. Kuna mradi mmoja ulipita jirani, tuliitwa Jumatano saa nne asubuhi, wakati watu wako kwenye vibarua. Waliokuja ni wazee na kina mama wachache. Mtaalamu akaonyesha picha ukutani, maandishi Kiingereza mwanzo mwisho. Tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukapewa soda. Baadaye nasikia kwenye ripoti imeandikwa wananchi wameridhia. Mimi nilisaini kwamba nilikuwepo, sikusaini kwamba nimekubali!

#6 Kamba na Bikoni

Ndugu wa Muriet, poleni sana. Nasema kwa moyo wote.

Hilo ulilolieleza linakera kwa sababu sheria iko upande wako. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi wa aina hii ufanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira, TAM, kabla ya kuanza. Reli mpya haichomoki hapo. Mradi unasajiliwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, inaandaliwa taarifa ya awali pamoja na hadidu za rejea, yaani orodha ya mambo ambayo utafiti lazima uyachunguze, ndipo utafiti wenyewe unafanyika, ripoti inapitiwa na kamati ya wataalamu, na mwisho kinatolewa cheti. Kanuni za 2005 zinataka ripoti iwe na muhtasari usio wa kitaalamu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kwa hiyo mkiitwa tena, dai muhtasari wa Kiswahili siku kadhaa kabla ya mkutano, si siku yenyewe.

Hatua ya kuikamata ni ile ya hadidu za rejea. Wengi tunaamka ripoti ikiwa imeshachapwa, wakati maswali yalishafungwa zamani. Kama hadidu hazikusema "pima kila korongo kutoka stesheni hadi Kisongo", mshauri hatalipima, na huwezi kumlaumu, maana hakulipwa kulipima. Mtaa uandike barua wakati huo, kwa muhuri wa serikali ya mtaa, nakala mbaki nayo.

Na karatasi ya mahudhurio, andikeni juu yake kwa mkono "mahudhurio tu". Muhtasari wa kikao usomwe hadharani kabla hamjaondoka.

Jambo lingine, mtaambiwa kalvati limesanifiwa kwa mafuriko ya mara moja katika miaka 50. Mtu akisikia hivyo anaona mjukuu wake ndiye atakayeyaona. Si hivyo. Kila mwaka kuna nafasi 1 kati ya 50, na ukiishi pale miaka 30, uwezekano wa kuyaona walau mara moja ni asilimia 45. Ukisanifu kwa miaka 100 unashuka hadi asilimia 26. Kwa sehemu ambayo nyumba ziko chini ya tuta, mimi nisingekubali chini ya 100.

#7 Mchaga wa Uru

Niko Moshi ila hoja hii inatuhusu, maana mkianza Usa River kesho mtafika Rundugai, keshokutwa Moshi.

Nizungumzie fidia. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inasema fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, ikichelewa inaongezwa riba, na uthamini ukipita miaka miwili bila kulipwa umekufa, unarudiwa upya. Wengi hatuyajui haya. Familia yetu tulithaminiwa kwenye mradi fulani, mthamini akahesabu migomba, kahawa, miparachichi, akaandika. Baba alipigwa picha mbele ya nyumba ameshika kibao chenye namba, kama mfungwa, akavumilia. Tangu siku hiyo tukaambiwa tusiendeleze chochote. Paa likavuja tusiliguse, maana tukilibadilisha halitahesabiwa. Miaka ikapita. Hakuna malipo wala hakuna aliyerudi kusema mradi umekufa. Hasara ya namna hiyo haimo kwenye ripoti yoyote ya mazingira, na ndiyo iliyotuumiza kuliko tingatinga.

Pia makaburi. Sisi tunazika kihambani, kwenye shamba la nyumbani. Ipo sheria ya kuhamisha makaburi ya mwaka 1969, na utaratibu upo, lakini kaburi la babu haliingii kwenye jedwali pamoja na migomba. Watafiti waje kukaa na ukoo kabla hawajapiga bikoni, zile alama za mipaka, wajue makaburi yako wapi, na njia iyakwepe inapowezekana. Mara nyingi inawezekana, mita thelathini tu kushoto au kulia.

#8 Kamba na Bikoni

Kaka, pole kwa mzee. Umenigusa kwa sababu bikoni hizo tunazipiga sisi wapimaji, na mara nyingi tunaondoka hatujui yatakayofuata.

Nyongeza ndogo. Hifadhi ya reli ni mita 15 kila upande mjini na mita 30 nje ya mji. Kwenye njia ya zamani, aliyejenga au anayeuzia ndani ya hifadhi hiyo kisheria hana fidia ya ardhi. Hao ni wengi karibu na stesheni, upande wa Unga Limited. Lakini mradi ukipata fedha za Benki ya Dunia, masharti yao yanayotumika tangu Oktoba 2018 yanatambua hata mtu asiye na hati, anasaidiwa kurejesha kipato na makazi. Kwa hiyo chanzo cha fedha kinabadilisha maisha ya mama ntilie wa pale relini. Tukijua mapema ni nani anakopesha, tunajua tudai nini.

#9 Tairi Bovu

Mnajadili kama vile treni ndiyo jibu pekee. Kwa nini tusidai mabasi makubwa yenye njia yake? Dar mabasi ya mwendokasi yameanza 2016. Barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4 tunayo tayari, inauzunguka mji kwa upande wa kusini. Weka mabasi pale, hakuna tuta jipya, hakuna korongo la kukata, hakuna kaburi.

#10 Kamba na Bikoni

Mkuu, hili ni swali halali kabisa na ninalipenda. TAM inatakiwa ilinganishe mbadala, pamoja na mbadala wa kutofanya chochote. Tatizo ni kwamba sura ya mbadala kwenye ripoti nyingi ina kurasa mbili, imeandikwa mwishoni, na jibu lilishajulikana.

Msimamo wangu ni huu. Kwa kipande cha Usa River hadi mjini, treni inashinda, kwa sababu njia ipo, ardhi ipo na madaraja yapo, hata kama yanahitaji kuimarishwa. Kwa kipande cha Kisongo sina uhakika wa namna hiyo. Ikiwa hesabu ya makorongo itaonyesha kwamba nusu ya njia inahitaji kuinuliwa juu ya nguzo, gharama itapaa, na basi lako la mchepuo litakuwa na haki ya kushinda. Nipo tayari kwa hilo. Nisichotaka ni reli ya bei rahisi yenye makalvati machache ili namba zikae vizuri mezani.

#11 Mawe na Udongo

Naongezea upande wa chini ya miguu, nasoma jiolojia.

Kwenye njia hiyo mtakutana na udongo wa aina mbili zinazogombana. Juu kuna majivu ya volkano, mepesi, yanachimbika kirahisi na yanamomonyoka kirahisi. Ukikata ukingo ukauacha wazi, masika moja tu umeshakuwa korongo jipya. Kwenye mabonde ya chini kuna ule mweusi wa mfinyanzi, unaovimba masika na kupasuka nyufa kiangazi. Reli ikilazwa juu yake bila kuuondoa au kuutibu kwa chokaa, inapanda na kushuka kila mwaka, na kasi ya treni inashuka nayo. Mashimo ya majaribio yachimbwe kwa ukaribu, yasiwe moja kila kilomita halafu wakakisia katikati.

Tetemeko nalo. Julai 2007 ardhi ilitikisika kwa kipimo cha 5.9 upande wa mlima Gelai, tetemeko likasikika hadi Nairobi. Na Meru wenyewe ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910, haujafa. Madaraja yasanifiwe kwa kulijua hilo.

Na moja ambalo husahaulika: kambi za wajenzi. Maji ya visima mengi ya kuzunguka Meru yana floridi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mkandarasi akichimba kisima cha kumwagia vumbi, kesho wafanyakazi wanakunywa, keshokutwa anakikabidhi kijijini kama zawadi. Mpango wa usimamizi wa mazingira useme wazi kisima kipimwe kabla.

#12 Boda wa Sombetini

Wakuu, vivuko vya reli? Treni za kila saa zikianza, pale barabara inapokatiza reli tutasimama mara ngapi? Na watoto wanaokatiza kwa miguu?

#13 Mstaafu wa Reli

Mwanangu, umeuliza la maana. Treni moja kwa siku, watu wanazoea kuweka genge la karanga juu ya reli. Treni kila saa ni habari nyingine. Kila kivuko kihesabiwe: magari mangapi, watembea kwa miguu wangapi, dereva anaona treni kutoka umbali gani. Penye shule au soko liwepo geti lenye mtu. Taa peke yake haitoshi, betri zake huibwa. Penye magari mengi mno barabara ipite juu au chini, na hapo ndipo gharama ilipojificha, maana kwenye mchoro wa kwanza huwa haionekani.

#14 Wa Muriet

Kamba na Bikoni, nimesoma yote. Nikubali upime. Lakini kwenye makorongo yetu hakuna kipimo chochote cha maji kilichowahi kuwekwa. Mtapima nini?

#15 Kamba na Bikoni

Ni kweli, na ndiyo sababu nawahitaji. Kwenye korongo lisilo na kipimo, ushahidi ulio bora ni alama ya maji iliyobaki kwenye kuta na kumbukumbu za watu. Ukiwa na kimo cha maji, upana wa korongo na mteremko wake, mtaalamu anaweza kurudi nyuma akakadiria yalikuwa mita ngapi za ujazo kwa sekunde, halafu akailinganisha na hesabu ya mvua. Hesabu zikipishana sana, anayejitetea awe yeye, si nyinyi.

Anzeni sasa, msingoje mradi. Kila nyumba iliyoingiliwa Aprili 2024 ipige picha ya alama ya tope, ukutani pakiwa na futi ya fundi iliyonyooshwa. Andikeni tarehe, saa maji yalipofika na saa yalipoondoka. Mwenyekiti wa mtaa azihifadhi kwenye daftari moja.

#16 Mstaafu wa Reli

Nyongeza kwa huyo wa Muriet. Sisi kwenye madaraja tulikuwa tunapaka rangi kwenye nguzo pale maji yalipofika juu kabisa, na mwaka wake pembeni. Nanyi fanyeni hivyo. Ila mpime kimo kutoka sakafuni mwa nyumba, msipime kutoka uani, kwa sababu uani mchanga huongezeka kila masika na vipimo vya mwaka huu havitalingana na vya mwakani.